Wakubwa wawili, kila mmoja na mfumo wake: nchi ndogo iangalie nini kabla ya kusaini?

*"Ninafanya kazi kwenye idara ya ushirikiano wa kimataifa, katika wizara ya nchi ndogo. Sasa hivi tuna mambo mawili mezani. Taifa moja kubwa linatupa mkopo wa kamera za usalama na kituo cha data, pamoja na nafasi za mafunzo kwa viongozi wa chama tawala na maofisa wa polisi. Taifa jingine linatupa ruzuku ya nishati, lakini lazima tufaulu vigezo vyake vya utawala bora, na rasimu ya mkataba inasema mkataba huo utatangulia sheria zetu. Mkubwa wangu anasema vita vya panzi furaha ya kunguru, tuchukue kote. Mimi naogopa kwamba baada ya miaka kumi tutajikuta na mfumo wa utawala ambao hatukuuchagua. Je, hofu yangu ina msingi? Tuangalie nini kabla ya kusaini?"*

Hofu yako ina msingi, ila ningeomba tuisogeze kidogo kutoka hapo ulipoiweka. Unaogopa mfumo mzima utakuja kwa mkupuo, mwamke siku moja mkiongozwa kwa fikra za wengine. Mambo hayaendi hivyo. Kinachobadilika kwanza ni utaratibu wa kawaida tu wa ofisini: nani lazima asaini, nani ana haki ya kuona karatasi, na nani akikataa kazi inasimama. Uamuzi uliokuwa ukipita kwa mwanasheria mkuu wa serikali, hazina, kamati ya bunge na mkaguzi ukianza kupita kwa watu wawili, utawala umeshabadilika hata kama katiba haijaguswa nukta. Hivyo karatasi zako zote mbili nitazisoma kwa jicho hilo.

Hukuwataja wakubwa hao kwa majina, ila mifano yangu mingi itatoka China na Marekani. Lakini kwanza kuna dhana kadhaa zinazozunguka karibu kila ofisi kama yako.

Moja ni kwamba China inataka kila mtu awe na mfumo kama wake. Oktoba 2017, kwenye mkutano mkuu wa 19 wa Chama cha Kikomunisti, Xi Jinping alisema njia ya China inazipa chaguo jipya nchi zinazotaka kuendelea haraka bila kupoteza uhuru wao. Desemba mwaka huohuo akawaambia wajumbe wa vyama vya siasa kutoka nchi mbalimbali, waliokusanyika Beijing, kwamba China haitauza nje mfumo wake wala kuzitaka nchi nyingine ziuige. Kauli hizo mbili hazigombani. Beijing haikutumii barua ya kukutaka ufute upinzani. Inachokuomba ni uitambue China moja na kuachana na Taiwan, kama zilivyofanya Solomon Islands mwaka 2019, Honduras mwaka 2023 na Nauru mwaka 2024, na usijiunge na wanaoisema vibaya kwenye Umoja wa Mataifa. Mfumo wenyewe unakuja taratibu, kwa mifano na mafunzo. Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere, iliyofunguliwa Kibaha, Tanzania, mwaka 2022 kwa msaada wa chama hicho cha China, ni ya vyama sita vya ukombozi wa kusini mwa Afrika, na vyote sita vilikuwa madarakani siku inafunguliwa. Chama cha upinzani hakimo hata kimoja. Hakuna aliyelazimishwa kitu hapo, ila wanaofundishwa namna ya kuongoza ni wale ambao tayari wanaongoza.

Dhana nyingine ni kwamba masharti ya nchi za Magharibi yote ni ya demokrasia tupu. Sheria ya Marekani inazuia misaada kwa serikali iliyoingia kwa mapinduzi dhidi ya viongozi waliochaguliwa. Jeshi la Misri lilipomwondoa rais Julai 2013, Washington iliamua kutotamka kama yale yalikuwa mapinduzi au la. Niger ilipopinduliwa Julai 2023, neno hilo lilitamkwa rasmi Oktoba. Mshirika muhimu hupewa muda. Na ukipiga hesabu za leo usitumie picha ya miaka ya nyuma: shirika la misaada la Marekani, USAID, lilifikia mwisho wake Julai 1, 2025, na mwezi huohuo balozi za Marekani zikaelekezwa zisitoe maoni juu ya uhalali wa chaguzi za nchi nyingine, ila pale tu ambapo maslahi ya wazi ya Marekani yanadai hivyo. Upande huo sasa unazungumzia zaidi biashara na madini kuliko sanduku la kura.

 

Iliyobaki ni ile hadithi ya mtego wa madeni, na mfano wake maarufu ni bandari ya Hambantota nchini Sri Lanka. Watu wanasema China iliichukua kwa sababu deni lilishindwa kulipwa. Ukweli ni kwamba mwaka 2017 serikali ya Sri Lanka, ikiwa na uhaba wa dola na malipo ya hatifungani za masoko ya kimataifa yakiwa mlangoni, iliikodisha bandari kwa kampuni ya China kwa miaka 99 na kupata dola bilioni 1.12. Fedha hizo ziliingia kwenye akiba ya fedha za kigeni. Mikopo iliyojenga bandari haikufutwa, ikaendelea kudaiwa vilevile. Nalitaja hili kwa sababu anayeogopa mtego husoma mkataba akitafuta kifungu cha kunyang'anywa mali, na mara nyingi hakioni, basi anatulia. Vifungu vyenye madhara vina sura ya upole zaidi.

Vinafananaje? Chukua Montenegro, nchi yenye watu laki sita na ushei, inayojadiliana kujiunga na Umoja wa Ulaya tangu 2012. Mwaka 2014 ilikopa dola milioni 944 kwa benki ya Exim, benki ya serikali ya China inayokopesha nchi za nje, ili kujenga kilomita 41 za barabara kuu milimani. Riba ilikuwa asilimia 2, muda miaka 20, na miaka sita ya mwanzo mtaji haulipwi. Kwa juu ni mkopo mtamu. Sasa shuka chini. Mkopo uligharimia asilimia 85 ya mradi na mkandarasi alikuwa kampuni ya China. Mkopo ulikuwa wa dola wakati nchi inatumia yuro, hivyo dola ikipanda deni linapanda bila mtu kukopa tena. Mgogoro ukitokea unaamuliwa Beijing, kwa sheria ya China. Na mradi ulitungiwa sheria yake peke yake, iliyompa mkandarasi misamaha ya kodi. Upembuzi yakinifu wa awali ulikuwa umeshaonya kwamba magari hayatoshi kuifanya barabara ijilipie. Kufikia 2020, janga la korona likichangia, deni la taifa lilikuwa limezidi pato la mwaka mzima.

Angalia kilichotokea kwa utaratibu: hakuna aliyebadilisha katiba, na bunge lilipiga kura. Ila lilipiga kura mwishoni, wakati mkandarasi ameshapatikana pamoja na mkopo, na sheria ya mradi imeandikwa kumfuata. Ushindani wa zabuni ulikufa kabla mjadala haujaanza. Mikopo nafuu ya Exim kwa kawaida hutaka angalau nusu ya manunuzi yatoke China, kwa hiyo sheria yako ya manunuzi lazima ipigwe kando ili mkopo upite. Ukishaipiga kando mara moja, waziri wa wizara jirani atauliza kwa nini mradi wake usifanyiwe hivyohivyo. Kwangu mimi hapo ndipo mfumo wa utawala unapohama, na aliyeuhamisha ni ninyi wenyewe.

Tuje kwenye mkopo wa kamera. Usianzie bei wala nchi inayouza. Anza na sheria inayoruhusu kamera kutambua sura za watu. Serbia ilitangaza mwaka 2019 kwamba itafunga kamera elfu moja za Huawei jijini Belgrade. Kamishna wa ulinzi wa taarifa binafsi akaisoma tathmini ya athari iliyoandaliwa na wizara ya mambo ya ndani, akasema haifikii matakwa ya sheria. Rasimu ya sheria ya polisi ambayo ingehalalisha utambuzi wa sura iliondolewa Septemba 2021 baada ya kelele za umma, ikarudishwa mwaka uliofuata na kuondolewa tena. Vifaa vilikuwa vilevile vinavyouzwa kwingine. Tofauti ilikuwa ofisi moja yenye mamlaka ya kusema hapana, na watu waliojua kwamba ofisi hiyo ipo. Na tusijidanganye kuwa upelelezi wa kidijitali una uraia mmoja: Pegasus, programu ya kudukua simu, ni ya kampuni ya Israel.

Kwa hiyo kwenye mkataba wa kamera nataka uone mambo haya yameandikwa, yasiishie kwenye ahadi za mdomo. Akaunti kuu ya msimamizi wa mfumo iko kwa nani, na je, fundi wa muuzaji anaweza kuingia akiwa nje ya nchi? Kumbukumbu za nani aliangalia nini na lini zinatunzwa kwa muda gani, na mkaguzi anaweza kuzichukua bila kuomba ruhusa ya polisi? Picha zinafutwa baada ya siku ngapi? Leseni za programu na matengenezo baada ya kipindi cha dhamana zinagharimu kiasi gani kwa mwaka, na bajeti ipi itazilipa? Hili la mwisho ndilo linalosahauliwa. Mkopo hununua vifaa, halafu gharama za kuviendesha zinaangukia bajeti ya kawaida, na nchi isipoweza kulipa inarudi kwa muuzaji yuleyule kuomba mkopo mwingine. Kama leo hamna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi, wala chombo cha kuisimamia, ushauri wangu ni kuachana na kipengele cha kutambua sura hata kama kinatolewa bure.

Ruzuku nayo usidhani ni salama kwa kuwa hairudishwi. Vigezo unavyovieleza vinafanana na vya Millennium Challenge Corporation, shirika la serikali ya Marekani linalotoa ruzuku za maendeleo, ambalo kwa miaka mingi limetumia kadi ya viashiria 20: nchi ifaulu angalau nusu, na kati ya hivyo iwe imefaulu kiashiria cha kudhibiti rushwa na kimojawapo cha haki za kisiasa au uhuru wa raia. Watu wengi hukosea hapa. Alama ya rushwa hupimwa kwa kukulinganisha na nchi zenye kipato kama chako, na unatakiwa uwe juu ya ile iliyo katikati. Mnaweza msifanye kosa lolote jipya mkaanguka kwa sababu majirani wamepanda, au kwa sababu kipato chenu kimeongezeka mkahamishiwa kundi gumu zaidi. Usimruhusu waziri atangaze fedha hizo hadharani kabla ya mkataba kuanza kutumika rasmi.

Kuhusu kifungu cha mkataba kutangulia sheria za nchi, Nepal imeshapita njia hiyo. Ilisaini na shirika hilohilo, Septemba 2017, ruzuku ya dola milioni 500 kwa njia za umeme na matengenezo ya barabara, yenyewe ikiongeza milioni 130. Kifungu cha 7.1 kilisema mkataba ukigongana na sheria za Nepal, mkataba ndio unaosimama. Kifungu cha namna hiyo ni cha kawaida kwenye mikataba ya kimataifa, na lengo lake ni mradi usikwamishwe na kanuni ya manunuzi iliyotungwa katikati ya safari. Lakini wananchi hawakuelezwa mapema, uvumi ukajaza nafasi, na kufikia 2022 wengine waliamini majeshi ya Marekani yanakuja. China ikalalamika kwamba Nepal inashurutishwa. Marekani ikaweka ukomo wa Februari 28. Bunge likapitisha Februari 27, 2022, likiambatanisha tamko la ufafanuzi lenye vipengele 12, kikiwemo cha kwamba katiba ya Nepal iko juu ya mkataba na kwamba nchi haijiungi na mkakati wowote wa kijeshi. Utekelezaji ulianza Agosti 30, 2023. Karibu miaka sita tangu kusaini!

Pamoja na vurugu zote hizo, Nepal ilipata kitu muhimu: bunge liliweza kuandika lake juu ya mkataba. Na ninyi fanyeni hivyo, ila mapema zaidi. Ombeni kifungu kiseme mkataba unatangulia sheria za kawaida, siyo katiba, na maneno hayo yawemo ndani ya mkataba wenyewe, kwa sababu tamko la upande mmoja lina nguvu ndogo mbele ya msuluhishi. Uliza pia ni kitengo gani kitakachosimamia fedha. Mara nyingi kinaundwa kipya, chenye mishahara mizuri kuliko ya wizara, na wahandisi wenu wazuri wanahamia huko. Miaka mitano ikiisha kitengo kinafungwa, wizara imebaki na viti. Demokrasia ya mfadhili ikiondoka na mafundi wako, imekuachia nini?

Utaniuliza kama masharti hayo huwa yanabadilisha lolote. Wakati mwingine, ndiyo. Novemba 1991 wafadhili wa Kenya walikutana Paris wakasimamisha misaada mipya, na Desemba kifungu cha 2A kilichoifanya Kenya nchi ya chama kimoja kikafutwa. Lakini wanaharakati walikuwa barabarani tangu mwaka uliotangulia, na Umoja wa Kisovieti ulikuwa unakata roho, kwa hiyo hapakuwa na mlango mwingine wa kubisha. Linganisha na Kambodia. Agosti 2020 Umoja wa Ulaya uliiondolea takriban moja ya tano ya nafuu za kuuza bidhaa bila ushuru, kwa sababu ya haki za binadamu. Serikali ilikuwa na China nyuma yake, haikutetereka. Uchaguzi wa Julai 2023 ulifanyika bila chama kikuu cha upinzani, na chama tawala kikachukua viti 120 kati ya 125. Sharti hufanya kazi likikuta watu wa ndani wanaolisukuma. Asipokuwepo wa ndani, mwenye mamlaka hubadilisha mfadhili tu.

Sasa mkubwa wako. Hajakosea kabisa. Nchi yenye wachumba wawili hupata masharti nafuu kuliko yenye mmoja, na ni jambo la akili kumwonyesha kila upande kwamba mwenzake yupo. Ninachokitilia shaka ni neno "tuchukue". Idara yenye wanasheria watatu haiwezi kujadili mikataba miwili ya kurasa mia kadhaa kwa wakati mmoja, na ukichoka unasaini walichoandika wao. Halafu mikataba hii inagusana. Mikataba mingi ya mikopo ina kifungu kinachosema ukikiuka deni la mtu mwingine, na hili linahesabika limekiukwa. Na ukikubali usiri kwa mkopeshaji mmoja, huwezi kutimiza wajibu wa uwazi kwa mtoa ruzuku. Kabla ya kuchukua kote, mtu mmoja asome mikataba yote miwili sambamba na kuorodhesha mahali inapogongana. Hilo tu.

Kwa upande wa utaratibu, silaha yenu kubwa ni karatasi ambayo watu huiona kama kiambatisho. Karibu kila mkopeshaji, kabla ya kutoa awamu ya kwanza ya fedha, hutaka maoni ya kisheria ya mwanasheria mkuu yanayothibitisha kwamba vibali vyote vya ndani vimepatikana. Karatasi hiyo isitolewe mpaka bunge na hazina vimemaliza. Ikitolewa mapema, hamtaweza baadaye kujitetea kwamba utaratibu haukufuatwa. Kwenye kifungu cha usiri, dai angalau msamaha kwa bunge, mkaguzi mkuu, mahakama na taasisi za fedha za kimataifa. Wakopeshaji wengi hukubali wakiombwa kabla ya rasimu ya mwisho. Na kama mkataba uko kwa lugha mbili, hakikisha umeandikwa upi unashinda.

Nafasi za mafunzo msizikatae. Zigeuzeni: ziende kwa watumishi wa umma waliochaguliwa kwa sifa na tume yenu ya utumishi, wakiwemo watu wa ukaguzi na wa bunge, na ratiba ya masomo ije kwenu kabla ya majina kwenda kwao. Mafunzo ya chama yalipwe na chama, nje ya barua za wizara.

Kuna mambo ambayo jibu la maandishi halitoshi, mnahitaji mwanasheria wa kukaa naye mezani. Yakiwemo haya, msiendelee peke yenu: kuondoa kinga inayozuia mali za serikali zisikamatwe na wadai, akaunti ya mapato inayofunguliwa nje ya nchi kama dhamana, au usuluhishi chini ya sheria ya mkopeshaji. Nchi za Afrika zinaweza kuomba msaada wa African Legal Support Facility, iliyo chini ya mwavuli wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na nchi wanachama wa Jumuiya ya Madola zinaweza kuiomba sekretarieti yake ushauri wa usimamizi wa madeni. Waiteni kabla ya majadiliano. Wanasheria wakiitwa wakati rasimu imeshawekwa herufi za majina ya wajumbe, ishara ya kwamba maneno yake yamekubaliwa, hufanya kazi ya kueleza hasara tu.

Na wewe mwenyewe, ukiambiwa uandae maoni ambayo huyaamini, usibishane kwenye korido. Andika dokezo, taja kifungu kwa namba na athari yake, pendekeza maneno mbadala, weka tarehe, liingie kwenye jalada.